Kujifungua kwa Pili

Lasha, kifungua mimba, alizaliwa Kutaisi,
shangazi wamejaa mlangoni, supu ya kuku jikoni,
mama akinikanda mgongo huku akinigombeza
kana kwamba ni mimi wa kwanza duniani kupiga kelele.

Wa pili nimemzaa Oulu, mwezi wa Januari,
saa kumi alfajiri,
theluji inaanguka kama isiyo na habari.
Vakho alibaki nyumbani na Lasha. Angemwachia nani?
Jirani yetu tunamjua kwa viatu vyake tu.

Mkunga Päivi alikuwa na maneno machache, mikono mingi.
Aliposema "ponnista" nilimwomba arudie,
kama mwanafunzi wa jioni,
na uchungu haukungoja nifungue kamusi.
Nikamwita mama kwa lugha yetu: deda! deda!
Päivi akaitika.

Watu husema, fulani amejifungua.
Lasha, nilifunguliwa na wengi.
Huyu nimejifungua kweli,
fundo kwa fundo, kwa vidole vyangu.

Simuni mama aliuliza nani alimpokea mtoto.
"Mgeni," nikasema,
kisha nikakumbuka mgeni ni nani pale.

Adhuhuri Lasha akaja,
mguu mmoja soksi yake, mwingine ya baba.
Akamkagua mdogo wake kama mkate uliotoka tanuri,
akainama, akamnong'oneza Kifini, haraka haraka.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba mama haongei vizuri,
lakini anasikia."