Milimita Kumi na Tisa

Jumapili nilimkuta Apondi sokoni Kibuye,
magunia yake yamekunjwa midomo:
karafuu, mdalasini, saumu,
tangawizi yenye udongo kwenye vidole.
"Unapikia wangapi?"
Wengi, nikasema, hawaonekani kwa macho.
Akacheka, akaniongeza konzi ya tangawizi bure.
"Huyu ndiye mzee wao. Kawaambie Apondi kasema."

Jumatatu, maabara. Nikatwanga, nikaloweka katika spiriti,
nikachuja mpaka ikawa rangi ya strungi.
Usaha nilikuwa nao, kwenye kijiti cha pamba,
umetoka mguuni mwa Abuto, kitanda cha dirishani,
kidonda cha mwezi wa tatu
kilichokula sindano zote kikalamba midomo.

Nikapaka vimelea sahanini kama siagi kwenye mkate,
nikatoboa vishimo vitano, kila kimoja tone lake,
cha tano spiriti tupu,
asije mtu akasema pombe ndiyo iliyoua.
Nikafunika. Joto la mwili, usiku kucha.

Nami nikalala na harufu ya pilau vidoleni.
Mke wangu akauliza arusi ni ya nani.

Jumanne nikafunua.
Ukungu umetanda sahani nzima kama gugu-maji ghubani,
ila kuzunguka karafuu
uwanja uliofagiwa.
Rula: milimita kumi na tisa.
Saumu, kumi na nne. Mdalasini, kumi na moja.
Spiriti sufuri, kama ilivyopaswa.
Tangawizi,
tangawizi nayo sufuri;
wadudu wamemea hadi ukingoni, wanachungulia shimo.
Nikaandika. Rula haina shemeji.

Jioni wodini Abuto akanusa koti langu.
"Umeniletea dawa?"
Nimwambie nini? Sahani si mguu.
Sahani haina damu, haina ini, haipigi kelele ikiungua.
Kinachoua mdudu chaweza kuua na nyama iliyo hai,
na kutoka duara hadi kidonge
pana mito mingi, madaraja hayajajengwa.
Nikamwambia: nimepata mahali waliposhindwa kumea.
"Pana kiasi gani?"
Nikamwonyesha ukucha wa kidole gumba.
Akautazama muda mrefu,
kama mtu anayeonyeshwa kiwanja.

Jumapili nitarudi Kibuye.
Apondi atauliza habari za mzee wake.
Nitanunua robo kilo, kwa bei kamili,
nimwambie watoto wanamsalimu.
Chai ya kwetu
haijawahi kudai ushahidi.