Deni la Usiku wa Saba

Usiku wa saba, saa kumi kasoro,
lori langu lapanda kutoka kitako cha shimo,
tani mia tatu za mawe ya shaba mgongoni,
kila tairi limenizidi kimo mara mbili.
Calama iko kule, vitaa vichache juu ya jangwa.
Nami, Ermelinda Colque, niko hapa,
macho wazi,
nimelala.

Hujui unapolala. Hilo hakuna aliyeniambia.
Nilidhani usingizi hupiga hodi,
huja na miayo, huja na shingo kulegea.
Kumbe ubongo huzima chumba kimoja kimoja,
kama mwenye nyumba bahili apitaye na swichi:
kwanza jina la jirani,
halafu hesabu (nimepanda mara ngapi tangu saa sita?),
halafu kile kilango kizuiacho kicheko na kilio,
maana jana nimelia kwa sababu ya kijiko.

Mwili nao una mashtaka yake.
Tumbo lataka sukari saa isiyo ya kula,
moyo wadunda hadi kwenye fizi.
Kidonda cha kidole, wiki ya tatu hii, hakijafunga:
mafundi wa ngozi hufanya kazi gizani nikilala,
na gizani mimi nimewafukuza.

Kona ya tano.
Lama mweupe katikati ya njia,
shingo ndefu, uzi mwekundu sikioni,
kama wale wa bibi, kule Caspana.
Nakanyaga breki. Vyuma vyote vya dunia vyalia.
Redio: "Tisini na mbili, umesimama kwa nini?"

Hakuna lama.
Kuna vumbi, kuna mwanga wa taa zangu,
na gurudumu la kushoto limeparamia tuta,
na nyuma ya tuta ni hewa tupu.

"Tisini na mbili?"
"Mnyama," nasema. "Mnyama amepita."
Eliécer kimya. Miaka kumi na tisa yuko shimoni humu,
anajua hata nzi hawaji.
Kisha, taratibu: "Basi mwache apite.
Shuka, unywe chai."

Dawa ya deni kulipa. Najaribu.
Saa sita mchana, nyumbani,
blanketi zimepigiliwa misumari madirishani,
simu imefungiwa kabatini,
mbwa wa Zunilda amepelekwa mtaa wa pili.
Nimelala chali kama maiti mwenye mawazo.
Usingizi niliouzungusha siku saba,
kesho, kesho, rudi kesho,
leo umenuna, na mimi ndiye ninayebisha mlangoni pake.

Ukumbini, Yasna, miaka sita,
awanyamazisha wanasesere wake mmoja mmoja:
"Shh.
Mama analipa."