Nukta Mbili

Kikombe hakichezi tena mkononi mwa Nantende.
Chai inafika mdomoni nzima.
Kwa hilo, waliomtia nyaya kichwani nawaombea dua.

Ila habari ya kicheko hawakunidokeza.
Kitangari, kaburi la Chihako likiwa bado bichi,
alicheka mpaka tukamtoa.
Wala marehemu hakuwa mtani wake.
Wiki hiyohiyo aliuza korosho zetu kwa kangomba, usiku,
akaja na redio tatu.
Tatu! Nyumba yenye masikio manne.

Kliniki wakagusa kidude cha kifuani,
wakashusha nukta mbili.
Redio kimya. Naye kimya,
akitazama kuku uani
kama anayesoma barua ya jirani.
Nikawauliza: katika namba zenu hizo,
ipi ndiyo niliyoolewa nayo?
Wakaandika tarehe ya kurudi.

Jana, nikibangua korosho, akageuka:
"Somoe, kwa Chihako nilicheka kweli?"
"Ulicheka."
"Basi tulikuwa watani.
Mjane wake hajanilipa."

Sikujua kama ni yeye aliyesema, au waya.
Nilicheka.
Mimi sina waya.