Chumvi ya Saa Tisa Usiku

Walinikalisha meza ya kumi na mbili, karibu na mlango wa jikoni,
mimi na suti ya kuazima, ya shemeji yangu Mbwana Heri,
mikono yake inaishia nusu ya safari.
Ukumbi wa Sheffield, dari refu,
taa kama matone yaliyogoma kudondoka.
Msoma sifa akavaa miwani:
"Nishani ya hisabati tumizi ya mwaka huu
anatunukiwa Profesa Hester Ackroyd,
kwa mchango wake uliotukuka katika nadharia ya njia."

Njia zipi, hakusema.
Njia ni zile zangu.
Mitaa mia nne na kumi, kutoka bohari hadi Walkley,
lori la tani kumi na nane, mgongoni chumvi ya mgodini,
ya kahawia, ya madonge, si ya kutia mchuzini,
nami usukanini, nyuzi nne chini ya sufuri,
naimwagia lami kama mtu anayelisha kuku wa jirani.

Alikuja bohari miaka sita nyuma, na koti la mvua na daftari.
Akachora nukta: hizi njia panda.
Akachora mistari: hii mitaa.
Nataka, akasema, lori lipite kila mstari
lisirudie lilikopita, au lirudie kwa uchache,
maana kila marudio ni dizeli, na barafu haingoji.
Madereva wakacheka.
Mimi nikaweka kidole karatasini:
Mama, hapa hapapandiki.
Lori likijaa haliuwezi mlima huu. Linaupanda likibaki nusu.
Kalamu ikaganda hewani.
Kwenye daftari lake dunia nzima ilikuwa bapa.

Usiku ule, aliniambia baadaye, alifuta kazi ya miezi saba.

Sasa mlinganyo uko ukutani,
herufi za Kigiriki zimejipanga kama viatu nje ya msikiti,
na katikati yake, vidogo, viwili: sh.
"Huu ni uzito unaopungua kadiri gari linavyotoa.
Nimeuita kwa jina la Bwana Shomvi, yuko meza ya kumi na mbili."
Shingo zikageuka.
Nina kiazi mdomoni, cha moto, hakimezeki wala hakitemeki.

Shomvi na chumvi!
Wazee wangu wa Mrima waliivuna kwa jua, wakaiuza kwa kibaba;
wangeniona naimwaga barabarani, na kulipwa juu,
wangeniombea dua.

Makofi. Nami nawaza, wanapigia nini hasa?
Wengine hutuzwa kwa kilichotokea:
daraja limesimama, ndege imepaa.
Huyu katuzwa kwa yasiyokuwa.
Nyonga ya bibi wa nyumba namba thelathini na moja, nzima.
Basi la shule ambalo halikuserereka.
Muuguzi wa zamu aliyeteremka mteremko
akiwaza chai tu.
Nani atauita jukwaani mfupa usiovunjika?
Nani aliamka akashukuru
kwamba jana hakuanguka?

Simu ikatetemeka mfukoni: bohari. Barafu inashuka.
Nikainuka kabla ya keki.
Kutoka jukwaani aliniona, akaigusa nishani kifuani
kama mtu anayepapasa ufunguo wa nyumba.

Saa tisa. Suti ya Mbwana Heri iko ndani ya ovaroli.
Penye makaburi ramani inaniambia kata kushoto,
na mpaka leo sijui kwa nini kushoto,
kulia ni karibu, naona kwa macho yangu mawili.
Usiku mmoja nilimbishia, nikakata kulia:
chumvi ikaniishia mbele ya hospitali,
nikabaki nimekaa, taa zinawaka, aibu yangu yote ya rangi ya chungwa.
Basi nakata kushoto.

Simu tena. Ni yeye: Umefika mlimani?
Naegesha pembeni, naandika kwa kidole kimoja:
Bado. Nimebaki nusu.
Mbweha kasimama katikati ya mtaa, analamba chumvi, hataki kupisha.
Huyu ulimwekea herufi gani?