Nusu ya Kulia

Nati ilikubali mizunguko miwili,
wa tatu ikagoma.
Si kutu. Kutu huguna kwanza.
Hii ilinyamaza, kama mkwe aliyetajiwa mahari pungufu.

Mwakidila akavua miwani, akaipangusa kwa shati lenye grisi,
akaivaa chafu kuliko mwanzo.
"Bolti ya inchi," akasema. "Nati ya milimita.
Hizi husalimiana mlangoni. Ndani hazikai."

BSA ya marehemu baba, miaka ishirini na sita
nyuma ya banda la kuku, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani.
Niliitoa mwezi wa Rajabu, nikijiapiza Idi naipanda
hadi Raskazone na kurudi.
Idi ikapita. Ya kuchinja nayo ikapita.

Kabureta ni ya pikipiki ya Kichina, waja leo,
imeshikizwa kwa bati la kopo la samli.
Mnyororo umetoka korona, kwenye mashine ya mkonge;
pingili zake pana zinapanda juu ya meno ya sproketi
na kuteleza, krak, kila mzunguko wa nne.
Pistoni inacheza ndani ya silinda
kama jino la mtoto wa miaka saba.
Na spoku za mbele, jamani,
nani alizikata fupi kwa unene wa kucha
halafu akazivuta mpaka rimu ikawa yai?

Nilimlaani huyo nani wiki tatu nzima.
Mwakidila hakulaani. Alipima
kwa kalipa yake ya karakana ya reli,
akaandika kwa chaki ukutani, akapima tena.
"Usilazimishe," akasema. "Chuma hakisahau."

Siku tuliyoosha injini kwa mafuta ya taa na mswaki
namba zikajitokeza chini ya masizi.
Maganda mawili ya injini huzaliwa pacha, namba moja.
La kushoto: 417, kama kadi ya baba.
La kulia: 902.

Nikasema yuko kijana Chumbageni anayechonga namba,
elfu thelathini, hakuna atakayejua.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.
"Hiyo ya Shelukindo."
"Shelukindo yupi?"
"Wa Pongwe. Alianguka nayo masika ile,
wiki ileile ya baba yako ilipasuka tumbo.
Wakatoa nzima moja katika mbovu mbili.
Jumapili, Jumatatu, Jumanne, za baba yako.
Jumatano, Alhamisi, Jumamosi, za mwenzake.
Ijumaa inapoa."
Akatupa kijiwe. "Wewe hukuwahi kuuliza."

Kumbe zile jioni alizorudi kwa miguu, viatu mkononi,
nami nikajificha asinione mbele ya wenzangu,
pikipiki haikuwa imeharibika.
Ilikuwa zamu.

Pongwe nilimkuta binti yake, Mwanamkuu,
kadi ya 902 kaihifadhi kwenye mfuko wa nailoni,
na ganda la kushoto liko uani, kuku wananywea maji.
Hakulia. Hata kiti hakunipa kwanza.
"Siku zetu ni zilezile?" akauliza.

Mwakidila hakuitupa nati, wala hakulitoboa upya ganda.
Aliikaba fimbo ya chuma kwenye lathi, akaichonga nyuzi mbili:
mwisho huu inchi, mwisho ule milimita,
katikati laini tu.
Ikaingia kwa vidole, spana ikiwa bado mfukoni.

Iliwaka kwa teke la kumi na moja, siku ya Jumanne,
jua limebakiza kiasi cha mtu kuvuka barabara.
Moshi ukanuka baba.
Raskazone ilikuwa upande ule, karibu tu.
Nikageuza usukani njia ya Pongwe,
taa ya mbele haijafungwa waya,
maana kwetu jua likishazama
ni usiku wa Jumatano.