Bani la Pili

Rejista ya MTUHA ina safu zake,
nami nina kalamu ya buluu inayovuja.
Zahanati ya Usoke, Alhamisi, saa nane mchana:
chumba cha nyuma ni cha vijana balehe,
"miaka 10 hadi 19", imeandikwa mlangoni
kwa rangi iliyobaki tulipopaka choo.

Wa kwanza Mihayo. Goti limechubuka,
mfukoni goroli tatu na kipande cha muwa.
"Umri?"
"Kumi. Tangu Jumapili."
Namwandika. Anachungulia, anasoma kwa kusitasita:
"Kijana ba-le-he. Mimi?"
Ndiyo, baba. Tangu Jumapili.
Anajipapasa kidevu. Hakuna kitu.

Kisha Kalunde, mtoto mgongoni,
vidole vyeusi kwa utomvu wa tumbaku.
"Umri?"
"Nilizaliwa mwaka lilipoungua bani la kina Shija."
Bani la kina Shija liliungua mara mbili.
"La kwanza au la pili?"
"Mama alisema kulikuwa na wingu tu,
mvua ikakataa kushuka."
Ndiko lilikotoka jina lake,
lakini wingu halina tarehe.

Nahesabu kwa vidole, kwa misimu ya masoko.
Nikianzia huku, kumi na tisa.
Nikianzia kule, ishirini kamili,
na ishirini ni foleni ya mbele, benchi refu,
na kwenye benchi refu amekaa mama mkwe wake,
kanga ya kijani, masikio wazi.

Kalunde hasemi alichofuata.
Anatazama kabati la sindano, halafu mlango.

Waliochora mistari hii si wajinga.
Dawa haziagizwi kwa kukisia,
mwili sharti uhesabiwe mahali fulani.
Ila mimi niliolewa nina kumi na sita,
nikacheza rede hadi mimba ya miezi mitano,
siku mpira uliponipata tumboni
wote uwanjani wakanyamaza.
Nani aniambie siku ile nilikuwa safu ipi?

Nje Mihayo anawatangazia wenzake
cheo chake kipya.

Wino umenitapakaa kidole gumba.
Bani la pili, naamua. Lile la pili.
Naandika 19, tisa yake nene,
narudisha komeo.

Haya, mwanangu, sema.
Sema polepole. Mlango huu ni mwembamba.