Nyeusi Saba

Nilitoka mgodini alfajiri,
nikajisugua mpaka sabuni ikakata tamaa,
na bado kope zangu zilibaki na wanja wa makaa.
Saa mbili nilikuwa langoni pa shule, Bytom,
theluji ikinyunyiza kama inayosita,
zamu yangu, katika wazazi, kusindikiza darasa la pili
kwenda kwenye jumba la picha.

Watoto ishirini na wawili, wawili wawili, mkono kwa mkono.
Mwalimu Halszka akatuhesabu barabarani,
akatuhesabu ndani ya basi,
akanihesabu na mimi.
Gniewko alikuwa keshamaliza mkate wake wa mayai
kabla hatujavuka reli.

Ukumbini, sheria: usiguse, usikimbie, usile.
Na kila kiatu kivikwe sapatu ya sufu, sakafu isichubuke.
Aliyebuni jambo hili hakuwahi kuwa na miaka saba:
sakafu ikawa ziwa lililoganda,
Bożydar akateleza, akawapita wafalme watatu
na bakuli la matunda,
akaishia tumboni mwa mlinzi, Mama Zdzisława,
ambaye alikohoa, akamgeuza,
akamsukuma taratibu arudi alikotoka.

"Kazi yenu ni ndogo," mwalimu alisema.
"Tafuteni rangi isiyo na jina,
kisha mlipe jina hilo zigo lenu wenyewe."
Wakalala kifudifudi na penseli zao.
Waridi ya ulimi wa mbwa.
Kijani cha supu ya jana.
Gniewko akaandika: rangi ya njaa. Hakuonyesha ni ipi.

Binti yangu Jagna hakulala.
Alisimama mbele ya turubai kubwa
ambalo wenzake walilipita kama mlango uliofungwa:
usiku, shamba, labda kibanda, labda hakuna.
Mchoraji hajulikani, kibao kilisema.
Nikataka kumwambia, twende mwanangu, hapa hapana kitu.
Giza mimi nalijua. Nalipwa kwa saa kukaa nalo.

"Baba, chuchumaa."

Magoti yakalia. Nikachuchumaa.
"Hii ina bluu ndani. Hii ina chai.
Hii imelala. Hii imefumba macho tu."
Akahesabu, mkono mmoja haukutosha,
akaazima vidole vyangu.
Nyeusi saba.

Miaka kumi na tisa nashuka kwa lifti,
taa kwenye kofia,
na siku zote natazama pale taa inapoangukia.
Kando yake sijawahi kuuliza pana nini.

Kisha nikakaa kwenye benchi, kidogo tu,
na usingizi ukanibeba mbele ya usiku ule wa watu.
Mlinzi hakuniamsha.
Nasikia aliwaambia watoto wapite kwa vidole,
hii nayo, alisema, ni ya maonyesho.

Alhamisi, somo la sanaa.
Mwalimu Halszka akakusanya vichupa vyote vya nyeusi
akavifungia kabatini.
"Anayetaka usiku, aupike mwenyewe."
Nyekundu, bluu, kijani kidogo, maji, maji tena.
Wengi walipata matope.
Bożydar alipata matope akayapenda, akayapaka mpaka kwenye kola.

Jagna alinileta mimi nyumbani, nimekunjwa mara mbili begani.
Uso wa kijivu, masikio makubwa kuliko haki yake,
na kuzunguka macho, pale penye wanja wangu,
zambarau, na ndani ya zambarau, ukitega jicho, kijani.
Chini, kwa herufi zinazopanda mlima:
BABA HAJAOGA.

"Nimeoga," nikasema.
Akaitazama picha. Akanitazama mimi, kwa muda,
kama mtu anayepima ubao kabla ya kukata.
Akachovya brashi kwenye nyeupe,
akaweka nukta moja, karibu na pua.
"Hapa, basi," akasema. "Hapa umeoga."